Njia Ndefu ya Filamu za Kale Kurudi Nyumbani

Mwaka 1972, katika nchi ya Kongo-Brazzaville, Bibi Sarah Maldoror alipiga filamu yake iitwayo Sambizanga, isimuliayo habari za Maria, mke wa mfanyakazi mmoja wa Angola, ambaye, baada ya mumewe kukamatwa na askari wa serikali ya Wareno, alishika njia kwa miguu, mtoto mgongoni, akibisha hodi kituo hata kituo na kuuliza aliko mumewe, wala asipate jawabu la kumtuliza moyo. Mwaka uo huo filamu hiyo ilipewa Tanit ya Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Carthage huko Tunisia. Lakini sifa haikuihifadhi na usahaulifu, na kwa miaka mingi aliyetamani kuitazama aghalabu aliambulia nakala hafifu, rangi zake zimefifia na nyuso za watu hazibainiki.

Leo hali ni nyingine. Filamu ya Sambizanga ilitengenezwa upya mwaka 2021 kutokana na negativu zake za asili za milimita 35, na mwaka 2022 kampuni ya Criterion ya Marekani iliitoa katika diski za Blu-ray na DVD, ndani ya sanduku lenye filamu sita za nchi mbalimbali. Bibi Maldoror hakuidiriki siku hiyo, kwani alifariki dunia nchini Ufaransa mwezi Aprili 2020.

Kazi hii ya kuzitengeneza upya filamu za kale ina historia yake. Mwaka 1990 Martin Scorsese, mwongozaji mashuhuri wa Marekani, aliasisi taasisi ya kuhifadhi filamu. Mwaka 2007 akaongeza mradi wa kuzishughulikia filamu za mataifa yasiyo na uwezo wa kuzitunza zake. Na mwaka 2017, kwa ushirika wa UNESCO, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika na hifadhi ya filamu ya mji wa Bologna, ukatangazwa mradi wa urithi wa filamu za Afrika, uliokusudia kuokoa filamu 50. Matunda yake ya mwanzo yalikuwa pamoja na Soleil Ô ya mwaka 1970, kazi ya Med Hondo wa Mauritania, ambaye aliwahi kuiona ikirudishiwa nuru yake kabla ya kufa mwaka 2019.

Ama sababu ya filamu moja kurudi na nyingine kupotea, kwanza ni mkanda wenyewe. Mikanda ya asetati, ikiwekwa mahali pa joto na unyevu, huoza polepole ikatoa harufu kali ya siki, ikajikunja na kusinyaa hata isipitike tena katika mashine. Na maabara haiwezi kurudisha kisichokuwamo mkandani. Kwa kuwa nchi nyingi za Afrika hazikuwa na maabara za kusafishia filamu, negativu zilipelekwa Ulaya zikabaki huko, na ughaibuni huko, jambo la kusikitisha kulinena, ndiko kulikoziponya nyingi. Pili ni milki: asipojulikana mwenye haki, au warithi wakikosa kuafikiana, hakuna mchapishaji mwenye akili atakayethubutu kutia mkono.

Lakini bahati nayo ina sehemu yake. Katika sanduku lile lile la mwaka 2022 imo filamu ya Mohammad Reza Aslani wa Uajemi, iitwayo Mchezo wa Sataranji wa Upepo, iliyoonyeshwa Tehran mwaka 1976 ikapokewa vibaya, ikapigwa marufuku baada ya mapinduzi ya 1979, ikahesabiwa kuwa imepotea. Kumbe negativu zake zilikuwa katika duka la vitu vikuukuu, zikaonekana mwaka 2014, zikatolewa nchini kwa siri hadi Paris, na mwongozaji akiwa hai akashiriki kuitengeneza upya.

Je, matarajio ni mema? Kwa upande wa ufundi ni mema sana. Kwa upande wa biashara, hila ya kuziuza filamu sita zisizojulikana katika sanduku moja imethibitika, kwa kuwa mnunuzi anayevutwa na moja huzipata tano nyingine. Lakini ipo dhuluma moja ambayo sioni udhuru wake: dunia imegawanywa katika maeneo ya Blu-ray, Marekani eneo A, Afrika na Ulaya eneo B, na diski ya Blu-ray iliyofungwa kwa eneo A haichezi katika mashine ya kawaida iliyouzwa kwa ajili ya eneo B. Basi filamu iliyopigwa Brazzaville hununuliwa New York ikatazamwa New York, na Mwafrika akaikosa. Diski mpya za 4K, zilizoanza mwaka 2016, hazina kufuli hilo, na wachapishaji wangezitumia hizo kwa filamu za Afrika wangetenda haki.

Nasi tunazo zetu. Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya Kitanzania ya mwaka 1985 juu ya tiba ya jadi na ya kisasa, yastahili heshima iyo hiyo. Kwa hiyo nawasihi wenye mamlaka, na kila mwenye mikanda ya zamani ofisini au nyumbani: iandikeni majina na miaka, iwekeni mahali pa baridi na pakavu, na andikeni waziwazi nani mwenye haki yake, tena mfanye hivyo mwaka huu.