Pori, Mashini na Shauri la Mutu



Siku hizi, kila mara wenye elimu wanaposema juu ya pori yetu ya miombo, wanaleta hesabu zilizofanywa na ordinatere. Wanasema: mashini imeonyesha kama kiisha miaka fulani pori itakwisha. Mara moja wasikilizaji wanagawanyika. Wamoja wanaogopa, kama kwamba nabii amesema. Wengine wanacheka: mashini haijashika shoka hata siku moja, inajua nini juu ya miti? Wote wawili wanakosa njia, tena kwa sababu moja: hawakuuliza hesabu hiyo ni kitu gani, wala ilizaliwa namna gani. Basi tufuate historia yake pole pole, kusudi tujue fasi gani yapasa kuisadiki, na fasi gani yapasa kuikatalia.

I. Hesabu iliyozaliwa baharini

Mwanzo wa elimu hii hauko katika pori, uko katika bahari. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, 1914 mupaka 1918, wavuvi wa bahari ya Adriatiki walivua kidogo tu. Vita ilipokwisha, Umberto D'Ancona, fundi wa mambo ya samaki, alichungua hesabu za masoko akashangaa: katika miaka ile samaki wenye kula wenzao, kama papa, walikuwa wamezidi kuliko mbele. Watu walidhani kwamba kupumzisha bahari kutaongeza samaki wote sawasawa. Sivyo ilivyokuwa. D'Ancona alipeleka ulizo kwa Vito Volterra, mwalimu mukubwa wa hesabu kule Roma, baba wa Luisa aliyemwoa.

Mwaka wa 1926 Volterra alijibu kwa hesabu mbili zilizofungwa pamoja: moja ya wenye kula, moja ya wenye kuliwa. Alfred Lotka, kule Marekani, alikuwa ametoa hesabu ya namna ile ile mwaka wa 1925. Maana yake ni hii: wavuvi wakipunguza nyavu, wenye kula ndio wanaofaidi zaidi, wakivua tena kwa nguvu, wenye kuliwa wanapata nafuu. Jambo hilo halionekani kwa macho, maana macho yanaona samaki mumoja mumoja, hayaoni kamba inayowafunga. Hapo ndipo faida ya kwanza ya hesabu: kuonyesha kamba.

Tena Volterra huyo alijua mupaka wa hesabu. Mwaka wa 1931, serikali ya Mussolini ilipowalazimisha walimu wa univerisite waape kiapo cha utii, yeye alikataa, akapoteza kazi yake. Mwaka wa 1936 Papa Pio XI alimuweka katika Akademia ya Papa ya Elimu, ijapokuwa alikuwa Muyuda. Mutu aliyehesabu samaki vizuri namna ile hakufikiri kwamba hesabu ingeweza kuamua kwa fasi ya zamiri yake.

II. Moto wa Ndola

Sasa tuingie katika inchi yetu. Miombo ni pori ya muputu, ya mutondo na ya ndugu zao, inayoenea toka Katanga, kupita Zambia, mupaka Msumbiji. Kila mwaka, wakati wa kiangazi, moto unapita ndani yake. Wakati wa ukoloni mafundi wengi wa pori walilaumu mioto ya wanakijiji: mutu mweusi, walisema, anachoma mali yake mwenyewe. Wazee walijibu kwamba bila moto majani mapya hayaoti, na njia zinafungwa. Nani alikuwa na haki? Kwa maneno tu mashindano yale yasingekwisha.

Tangu mwaka wa 1933, karibu na Ndola, ngambo ya mupaka wetu, walikata vipande vya pori wakavitunza kwa namna tatu. Kipande kimoja hakikuchomwa hata kidogo. Cha pili kilichomwa mapema, mwanzo wa kiangazi, wakati majani yangali na maji. Cha tatu kilichomwa mwisho wa kiangazi, majani yakiwa makavu kabisa. Mwaka wa 1959 Trapnell alitoa matokeo. Fasi iliyochomwa mwisho, miti ilikufa na majani yakashika inchi. Fasi isiyochomwa ilianza kufungana, ikawa pori nzito. Fasi iliyochomwa mapema, miombo ilidumu.

Tuangalie vizuri. Ulizo la zamani lilikuwa: moto ni mubaya ao muzuri? Jibu likawa: unauliza vibaya, sema kwanza moto wa mwezi gani. Wakubwa wa pori hawakuwa na haki yote, wala wazee hawakuwa na haki yote. Lakini jibu hilo lilidai zaidi ya miaka 20 ya kungoja. Mutu mwenye kutaka kujua mambo ya shoka, ya moto, ya mvua na ya jembe pamoja, angehitaji vipande vingi sana na maisha ya watu watatu. Ni shida hiyo iliyowafanya watu watafute mashini.

III. Toka majani ya Luiswishi mupaka ndani ya mashini

Mashini haiwezi kuhesabu kitu kisichopimwa. Kwa hiyo, mbele ya kusifu ordinatere, yapasa kuwasifu watu wenye kupima. Karibu na Lubumbashi, kule Luiswishi, François Malaisse na wenzake wa Univerisite walipima miombo mwaka kwa mwaka: uzito wa majani yanayoanguka, mvua, wadudu, ginsi miti inavyokomaa. Mwaka wa 1975 walitoa masomo yao ya kwanza juu ya miombo nzima kama nyumba moja, ambamo kila kitu kinashikamana na kingine: muti, kichuguu, bowa, finkubala na mutu anayezila.

Wakati ule ule, Marekani, Botkin, Janak na Wallis walitoa, mwaka wa 1972, hesabu ya pori iliyofanywa na ordinatere. Waliipa mashini kipande kidogo cha udongo, na ndani yake muti mumoja mumoja: kila mwaka unakua kidogo, unafunika wenzake kwa kivuli, unaweza kufa; ukianguka, mwangaza unaingia na miche inaamka. Mashini inarudilia kazi hiyo miaka mia tano kwa muda mufupi. Mwaka wa 1994 Desanker na Prentice walitengeneza hesabu ya namna hiyo kwa ajili ya pori zetu, wakaiita MIOMBO.

Lakini mwaka huo wa 1972 ulileta pia kosa kubwa la wasomaji. Donella Meadows na wenzake walitoa kitabu juu ya mipaka ya maendeleo ya dunia nzima: watu, chakula, viwanda, uchafu. Waliandika njia nyingi: tukifanya hivi, itakuwa hivi, tukifanya vile, itakuwa vile. Watu wengi waliisoma njia moja tu, ile ya maangamizi, wakasema: wametabiri. Lakini neno kubwa katika hesabu za namna hii ni "kama". Ukiliondoa, hesabu inageuka uongo, hata ikiwa kila namba yake ni ya kweli.

IV. Hesabu ndogo kwa kalamu

Kusudi jambo lieleweke, tufanye hesabu moja bila mashini. Ni mufano tu. Pori ya kweli ina mambo mengi zaidi.

Tuseme pori ina mizigo 1000 ya miti, na kila mwaka inaongezeka 3 kwa mia, ni kusema 30. Kijiji kinakata 30: pori inadumu siku zote. Kinakata 40: kuna tofauti ya 10 tu. Kiisha miaka 10 imebaki karibu 885, na muzee anasema kwa haki kwamba pori haijabadilika sana. Lakini pori iliyopunguka inazaa kidogo, na shoka linakata vile vile. Mwaka wa 31 imebaki nusu. Je, nusu ya pili itadumu miaka 31 ingine? Hapana. Kiisha miaka 16 tu imekwisha yote. Na kama muji unakua, na mahitaji yake yanaongezeka nayo 3 kwa mia kila mwaka, pori ile ile inakwisha katika mwaka wa 26.

Sasa tazama bei ya kukawia. Watu wakipatana mwaka wa 10, yatosha kushuka toka 40 mupaka 26, na pori inadumu. Wakingoja mwaka wa 31, sharti washuke mupaka 15. Mashini haikutuambia tufanye nini. Imetuonyesha tu kwamba shauri lile lile, likikawia, linakuwa zito zaidi, na kwamba uzito wake watabeba watoto wasiokuwapo wakati wa baraza.

V. Mutu si muti

Hapa tunafika penye shida kubwa. Muti haubadili nia. Mutu anaona, anaogopa, anapatana na jirani, anavunja mapatano. Mutu awekwe namna gani ndani ya hesabu?

Mwaka wa 1968 Garrett Hardin aliandika juu ya malisho yasiyo na mwenyewe: kila muchungaji anaongeza ngombe wake, maana faida ni yake na hasara ni ya wote, mwisho malisho yanakufa. Hesabu yake haina kosa, lakini mutu wake hana kinywa: haongei na mwenzake, hana chifu, hana desturi, hana haya. Elinor Ostrom alienda kuwatazama watu wa kweli, katika milima ya Uswisi, katika vijiji vya Yapani na kwingine. Katika kitabu chake cha 1990 alionyesha kwamba watu wengi wamelinda mali ya wote miaka mamia kwa sheria walizotunga wenyewe. Na mara zingine sheria zilishindwa, naye akatafuta sababu. Mwaka wa 2009 alipewa tuzo ya Nobel.

Tangu hapo hesabu zilianza kubadilika. Mwaka wa 2000 Gambiza na wenzake, kule Zimbabwe, waliweka ndani ya mashini miti, majani, moto na namna mbalimbali za watu za kutunza miombo. Kule Senegali, François Bousquet na wenzake walifanya zaidi: waliwaita wenyeji wacheze muchezo, kila mutu kwa fasi yake, mulimaji, muchungaji, kiisha wakatia kanuni za muchezo katika ordinatere. Mwanakijiji anaweza kusema: hapana, sisi hatufanyi hivyo. Hesabu inasahihishwa na yule anayehesabiwa.

VI. Makala ya Lubumbashi

Turudi nyumbani. Reli ilifika hapa mwaka wa 1910, muji ukazaliwa. Mwaka wa 1911 tanuru la shaba likawashwa. Tangu siku zile muji huu unakula pori. Wachunguzi wa sateliti wanasema kwamba, katika inchi inayolisha Lubumbashi makala, pori ilifunika karibu 78 kwa mia mwaka wa 1990, na karibu 40 kwa mia mwaka wa 2022.

Nani amefanya hivyo? Jibu linategemea nani amewekwa ndani ya hesabu. Ukimuweka muchoma-makala peke yake na shoka lake, mashini itajibu: mufukuze, pori itapona. Lakini weka pia mama wa muji anayepika bukari kwenye mbabula kwa kuwa umeme haufiki kwake, ao unafika na kukatika. Weka kijana wa kinga anayesukuma mifuko toka usiku, na kodi anazodaiwa njiani. Weka tanuru la udongo linalotoa kilo 10 mupaka 20 tu za makala katika kilo 100 za miti. Hapo kumufukuza mumoja kunamuita mungine, maana moto wa mbabula haukuzimika.

Weka tena jambo lililoonyeshwa na Chidumayo, mwalimu wa Zambia: visiki vya miombo vinachipuka. Shoka peke yake haliui pori. Inakufa hasa pale ambapo nyuma ya shoka linakuja jembe kila mwaka, na nyuma ya jembe moto wa mwisho wa kiangazi, kama kipande cha tatu cha Ndola. Basi ulizo halibaki tu: nani anakata? Ni hili: kiisha kukata, nani anapewa haki na nguvu ya kulinda machipukizi? Mutu asiye na haki juu ya udongo hatangoja miaka 20 kusudi kisiki kiwe muti. Atafanya nini wakati mungine atakuja kuuvuna?

Kwa hiyo, wandugu, mutu akituletea hesabu ya mashini, tusiiabudu wala tusiicheke. Tuulize mambo matatu. Kwanza: nini imewekwa ndani, na nani aliipima? Pili: nini ao nani ameachwa inje? Mara nyingi ni masikini aliyeachwa, ao amewekwa kama kinywa kinachokula tu, bila akili. Tatu: kati ya njia zilizoonyeshwa, nani atachagua, na nani atalipa?

Ulizo la tatu mashini haina jibu lake. Linabaki mikononi mwa machifu, wa wakubwa wa serikali na wa kampuni, wa wachoma-makala na wa mama wenye mbabula. Padri wa parokia ya pori na padri wa parokia ya muji wanawajua watu hao wote kwa majina, lakini kila mumoja anawasikia wa upande wake tu. Kazi iliyo karibu nasi ni kuwakutanisha katika baraza moja, hesabu ikiwa mezani, wakati kushuka kungali toka 40 mupaka 26.