Bata wa Ziwa Albert na Mnyama Apigaye Chafya

Mwaka 2017 bata na kuku walikufa kwa wingi katika vijiji vya ukingo wa Ziwa Albert, kama Joo na Tchomia, kule chini watokako samaki wa soko letu la Bunia. Wataalamu walipopima wakakuta mafua ya ndege, aina ya H5N8. Mwezi wa Januari mwaka uleule yalikwisha kuonekana Uganda, penye Ziwa Viktoria. Mama aliyeokota bata wake wamekufa alikuwa na swali moja tu: je, na watoto wangu?

Swali hilo hatuwezi kulijibu kwa kumwambukiza mtu makusudi, dhamiri yakataza. Basi wataalamu huuliza wanyama.

Kazi hii ilianza Uingereza mwaka 1933. Bwana Andrewes alishikwa na mafua makali; mwenzake Wilson Smith akamsukutulisha koo, akayatia maji yale puani mwa fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Fereti wakapata homa, wakapiga chafya. Baadaye fereti mmoja alimpigia chafya usoni daktari kijana, Stuart-Harris, naye akaugua. Habari hiyo ikatangazwa mwaka 1936. Hivyo mnyama alimrudishia mtu mafua yake!

Panya ni rahisi kufuga, nao walisaidia sana baada ya mwaka 1997, mafua ya H5N1 yalipowapata watu 18 Hong Kong na kuwaua 6. Lakini panya hapigi chafya. Fereti hupiga, na koo lake hupokea virusi karibu kama letu. Kwa hiyo huwekwa wawili katika vizimba jirani visivyogusana, mmoja mgonjwa na mmoja mzima, kisha hutazamwa kama ugonjwa wavuka hewani.

Mwaka 2015 wataalamu wa Rotterdam walitoa jibu juu ya H5N8 iliyoonekana Uholanzi: fereti hawakuugua sana, wala haikuvuka hewani. Habari njema, lakini virusi hubadilika, na ile ya Uholanzi haikuwa sawasawa na hii ya ziwani kwetu. Sisi twaona fereti ni shahidi mwema, si hakimu. Mwezi wa Februari 2021 Urusi ilitangaza kwamba wafanyakazi 7 wa shamba la kuku walikuwa wameambukizwa H5N8. Hakuna aliyeugua sana.