Mikanda ya Mabegani ya Darubini

Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Bunduki za wawindaji zikaondoka porini. Darubini zao zilibaki, zikaingia mikononi mwa askari wa wanyamapori, waelekezi wa watalii na watazamaji wa ndege. Siku hizi kuna kifaa kingine cha wawindaji kinachofuata njia hiyo hiyo hadi Meru na Embu: ile mikanda inayovaliwa mabegani, ikapishana mgongoni, ikaishikilia darubini mbele ya kifua. Ughaibuni huuzwa hasa kwa wawindaji, na maelezo yake yamejaa habari za kulungu na mishale. Kwetu hutumiwa na mtu anayehesabu twiga au kumtafuta ndege kichakani, na bado hana jina la kukiitia. Wengi husema hanesi, wengine kamba za darubini, na wako wanaogusa kifua kwa kiganja wakasema “ile ya hapa.”

Kifaa hiki kinastahili jina la Kiswahili, na jina lenyewe lichaguliwe kwa uangalifu, kwa sababu aliyekosea kukiita hukosea pia kukinunua.

Tuanze na chombo kinachobebwa. Darubini ni neno tulilolipata kutoka Kiajemi, ambako dur ni mbali na bin ni kuona. Kiswahili kimelitumia neno hilo moja kwa chombo cha jicho moja cha kutazamia nyota na kwa kile cha macho mawili cha kutazamia wanyama, na kwa mfano wake tukapata hadubini ya maabara. Porini hakuna utata: ukisema darubini, kila mtu anajua ni ile ya macho mawili. Zinazopendwa sana kwa kazi za huku huandikwa 8x42 au 10x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu, na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Darubini ya 8x42 kwa kawaida huwa na uzito wa gramu 600 hadi 800. Mkononi uzito huo ni mdogo. Shingoni, kuanzia alfajiri hadi saa sita mchana, ni jambo jingine kabisa.

Mkanda mwembamba unaokuja na darubini ndani ya boksi umekusudiwa shingo. Uzito wote unakaa juu ya pingili za shingo, na kila ukiinama kutazama nyayo darubini inaning’inia, inayumba, kisha inarudi kukupiga kidarini. Ukipita kwenye miiba ya migunga inanasa. Ukiwa nyuma ya bodaboda kwenye barabara ya vumbi inakugonga kila shimo. Wengi huishia kuishika kwa mkono mmoja wakati wote, au kuitia begini, na darubini iliyo begini haimwoni mnyama yeyote.

Mikanda tunayoizungumzia inauhamisha uzito huo. Utepe mmoja unatoka kwenye tundu la kufungia lililo ubavu wa kushoto wa darubini, unapanda bega la kushoto, unashuka mgongoni kwa mshazari, unapita chini ya kwapa la kulia na kurudi kwenye tundu la ubavu wa kulia. Utepe wa pili unafanya hivyo hivyo kutoka upande wa pili. Zinapopishana katikati ya mgongo kuna kipande cha ngozi au plastiki kinachozizuia zisiteleze. Shingo haibebi chochote. Mwanamke aliyewahi kubeba mzigo wa kuni kutoka msituni kwa mkanda uliokaza utosini, kisha akabeba mzigo kama huo kwa begi la mabegani, hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa jina. Wa kwanza mlangoni ni hatamu, kwa kuwa kamusi nyingi humpa farasi neno hilo pale Kiingereza kinapozungumza habari ya vifaa vya kumfungia. Silikubali. Hatamu ni ya kuongoza kichwa cha mnyama, na ndiyo maana tunasema mtu ameshika hatamu za uongozi. Mikanda yetu haiongozi kitu, inabeba. Lijamu ni mbali zaidi, maana hiyo ni chuma cha mdomoni. Mbeleko ni neno zuri, lina joto, lakini limekwisha kuwa la mtoto na mgongo wa mama, na kulihamishia kwenye lenzi ni kulipunguzia heshima. Hanesi linasikika kwenye majengo marefu ya Nairobi, ambako fundi hulivaa ili akiteleza asifike chini. Huko lina kazi ya kuokoa maisha, nami ningependa libaki na kazi hiyo peke yake, ili mtu asije akadhani vitepe vya darubini vinaweza kumshikilia mtu kwenye genge.

Mkanda wa kifuani ndilo jina linalokuja kwa urahisi kuliko yote. Mkanda tunao tayari: wa suruali, wa usalama garini, wa begi. Na darubini kweli hukaa kifuani. Tatizo ni kwamba mkanda wa kifuani, kwa msikilizaji asiyekijua kifaa, ni utepe mmoja unaozunguka mbavu, kama ule wanaouvaa wakimbiaji kupima mapigo ya moyo. Jina linaonyesha mahali darubini inapoonekana na kuficha mahali uzito unapokaa. Anayenunua kwa jina hilo atapima kifua chake, kumbe mwili unaotakiwa kupimwa ni kuanzia bega hadi kwapa.

Kwa hiyo napendekeza mikanda ya mabegani ya darubini, kwa wingi, maana ni miwili. Mabega ndiyo yanayofanya kazi, na jina liseme hivyo. Linaachana wazi na mkanda wa shingoni, na mtu akiyasikia yote mawili dukani anajua tofauti bila kuonyeshwa picha.

Kuna ndugu yake, na huyu anahitaji jina la peke yake. Ni mkoba wenye umbo la sanduku dogo, wenye kifuniko, unaovaliwa kwa mikanda ya namna ile ile, na darubini hukaa ndani yake badala ya kuning’inia. Huo ndio mkoba wa kifuani, na hapa neno kifuani linafaa kabisa kwa sababu mkoba wenyewe unalala juu ya kifua. Niliwahi kufikiria ala, kwa kuwa ala ni kifuko cha upanga na kisu, na wawindaji wa zamani wangelielewa mara moja. Lakini ala za muziki na ala za kazi zimekwisha kulichukua neno hilo, na mkoba unaeleweka na kila mtu kuanzia Chuka hadi Kiritiri.

Tofauti ya majina haya mawili ndiyo pia njia panda ya mnunuzi. Nchi yenyewe inasaidia kuamua.

Mbuga ya Taifa ya Meru ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 870, chini ya vilima vya Nyambene, na sehemu kubwa yake ni tambarare ya joto inayoshuka kuelekea Mto Tana. Ndiko Joy na George Adamson walikomrudisha porini simba Elsa, na ndiko ujangili wa miaka ya 1980 uliposhambulia vifaru kwa ukatili mkubwa. Leo kuna hifadhi ya vifaru ndani ya mbuga, na wanaowalinda huwatambua mmoja mmoja, pengine kwa alama zilizokatwa kwenye masikio yao. Kusoma pengo dogo kwenye sikio la mnyama aliyesimama kwenye majani marefu kunadai mkono usiotetemeka na darubini inayofika jichoni mara moja. Mtu wa kazi hiyo nampa mikanda ya mabegani. Mkoba wa kifuani kwenye joto la Meru hugeuka kuwa kitambaa kilicholowa jasho, hewa haipiti, na askari mwenye bunduki atauona ukigongana na mkanda wa silaha. Akihitaji kulala kifudifudi, sanduku lile linamwinua kutoka ardhini pale anapotaka kushikamana nayo.

Rangi nayo si urembo. Meru ina mbung’o, na mbung’o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo mbili. Mikanda mingi dukani ni myeusi. Tafuta ya kaki, ya udongo au ya kijani iliyofifia, hata kama ni lazima usubiri.

Ukienda Embu mambo hubadilika. Katika msitu wa Irangi, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, adui ni maji: mvua, ukungu, na matone yanayodondoka kutoka kwenye majani saa nzima baada ya mvua kuacha. Hapo mkoba wa kifuani unajitetea wenyewe. Kifuniko kinafungwa, lenzi zinabaki kavu, na baridi inakufanya usijali joto la kifuani. Vivyo hivyo kwenye barabara za vumbi za Mbeere, kwa yule anayesafiri kwa pikipiki kwenda Hifadhi ya Mwea kando ya bwawa la Kamburu. Vumbi jembamba likiingia kwenye gurudumu la kulenga, huanza kukwaruza kwa sauti inayouma moyo. Mkoba unalizuia. Akifika na kuanza kutembea, auache mkoba wazi.

Lakini angalia namna kifuniko kinavyofungwa. Zipu hujaa vumbi, na huhitaji mikono miwili. Kitambaa cha kunata hupiga kelele ya kuchanika inayowakurupusha ndege wote wa karibu. Sumaku ni kimya na hufunguka kwa kidole kimoja, ila huivuruga dira, iwe ya mkononi au ya kwenye simu, kwa hiyo simu isikae kwenye mfuko ulio karibu na kifuniko hicho.

Kelele na wepesi vina maana kubwa hasa kwa anayemtafuta babla wa Hinde. Huyu ni ndege wa Kenya pekee, hapatikani penginepo duniani, na maeneo yake ni haya haya ya Embu, Meru, Mwea na majirani zao. Ana jicho jekundu na manyoya ya kahawia yenye mabaka meupe, kila ndege na mabaka yake. Anaishi kwa vikundi vidogo ndani ya vichaka vilivyobaki kando ya vijito na katikati ya mashamba. Wanapita chini chini, wakilia kwa pamoja, kisha wanazama. Nafasi ya kumwona ni sekunde chache, na aliye na darubini ndani ya sanduku lililofungwa atasikia sauti tu. Kwa ndege huyu, mikanda ya mabegani haina mpinzani.

Yako mambo ya vipimo ambayo wauzaji huyapitia haraka. Darubini ikae juu, kwenye mfupa wa kidari, isifike tumboni. Ikikaa chini inakuwa pendulo tena, na faida yote imepotea. Ukiinyanyua hadi jichoni, mikanda isivute wala isikukabe kwapani. Ikivuta, mikono itatetemeka. Kuna mikanda iliyotengenezwa yote kwa lastiki, na mtu akiijaribu dukani huipenda kwa sababu ni laini. Mimi siipendekezi. Ukikimbia au ukipanda pikipiki, darubini hurukaruka, na baada ya miezi ya jua lastiki hulegea. Utepe mgumu wenye kipande kifupi tu cha lastiki unatosha.

Wauzaji huwasahau wanawake kabisa. Mkoba mpana wa kifuani hukandamiza matiti na hukaa umeinama mbele, ukielekea kumwaga kilichomo. Mikanda ya mabegani isiyo na mkoba huwafaa zaidi, mradi iwe na bizimu za kurefusha pande zote mbili, na bizimu hizo zikae ubavuni. Bizimu iliyo juu ya bega itachimba nyama mara tu utakapovaa begi la mgongoni juu yake.

Halafu kuna usalama. Katika msitu wa Imenti, karibu kabisa na mji wa Meru, tembo hupita, na mtu anaweza kulazimika kurudi nyuma haraka kati ya matawi. Kitu kilichofungwa mwilini kwa mikanda miwili kinaweza kumnasa. Chagua klipu zinazoachia kwa kubonyezwa, na uzifungue kwa mkono usiouzoea, macho ukiwa umefumba, kabla hujalipa.

Kwa wasioipata mikanda hii dukani, au wanaoona bei yake haiingiliki, fundi wa mabegi anaimudu. Pale Gakoromone mjini Meru, kama ilivyo katika masoko mengi, begi kuukuu la mtumba lina kila kinachohitajika: tepe imara, bizimu na klipu. Mpelekee fundi darubini yenyewe, isiwe picha, ili aone upana wa matundu ya kufungia. Mwambie akate tepe mbili ndefu kuliko unavyodhani, kwa kuwa asubuhi utavaa jaketi na mchana utavaa shati. Kipande cha mgongoni kiwe cha ngozi, kishonwe mara mbili kwa umbo la herufi X, na mshono usikae juu ya uti wa mgongo. Ncha za tepe zichomwe kwa moto kidogo zisifumuke. Kabla hujaifunga darubini, ning’iniza kwenye mikanda chupa ya maji ya lita moja, ambayo ni nzito kuliko darubini nyingi za 8x42, uinue na kuishusha mara nyingi, uiname, uruke. Mshono ukianza kufunguka, arudie hapo hapo.