Dhahania na Ikisiri: Majina Mawili ya Uchoraji Mmoja

Mwanafunzi wa Kenya hukutana na neno dhahania akiwa bado shule ya msingi, kwenye somo la aina za nomino. Nomino dhahania, anaambiwa, hutaja kitu kisichoonekana wala kushikika: wema, usingizi, upendo. Akifika chuo kikuu, tuseme Egerton kule Njoro, anakutana na ikisiri, ile aya fupi inayotangulia tasnifu na kubeba kiini chake. Ni nadra aambiwe kwamba maneno yote mawili hutumika kutafsiri neno lile lile la Kiingereza, abstract. Katika uchoraji, istilahi iliyoshika ni sanaa dhahania, kwa maana ya michoro isiyoonyesha mtu, nyumba wala mti. Istilahi hiyo ni nzuri, ila inafanya nusu ya kazi.

Mzizi wa neno la Kiingereza ni kitenzi cha Kilatini, abstrahere: kuvuta kitu kutoka ndani ya kingine. Kwa hiyo mna kitendo humo. Kulikuwa na kitu, kikavutwa, mengine yakaachwa. Dhahania haina kitendo hicho. Inakaa upande wa fikra, kana kwamba mchoro umezaliwa kichwani bila kupitia machoni. Ikisiri ndiyo inayoweka kumbukumbu ya kilichotangulia, kwa kuwa pasipo tasnifu hapana ikisiri.

Tofauti hii inaonekana wazi katika mchoro mmoja wa mwaka 1915. Piet Mondrian, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1872, alikuwa ameishi Paris na kujifunza kutokana na kazi za wachoraji wa kubizimu, Picasso na Braque, waliokuwa wakivunja gitaa au uso wa mtu vipandevipande na kuvipanga upya kwenye turubai. Mwaka 1914 alikwenda kwao kumtazama baba yake, vita vikazuka, akashindwa kurudi Ufaransa. Huko Domburg, kijiji cha pwani, akawa anachora bahari na gati la magogo lililoingia majini. Rasimu zilizidi kupungua vitu: mawimbi yakawa vistari vya kulala, mng'aro wa maji na magogo vikawa vistari vya kusimama. Matokeo yake ni mchoro wa Composition No. 10, unaojulikana pia kama Gati na Bahari, uliopo leo katika makumbusho ya Kröller-Müller, Otterlo. Ukiutazama kwa haraka utaona alama za kujumlisha na kutoa, nyeusi juu ya weupe, zimekusanyika katika umbo la yai. Ukitulia, utaona chini katikati mistari ya kusimama imerefuka. Hilo ndilo gati.

Msomaji wa Nakuru hana haja ya kwenda Uholanzi ili aelewe kilichotendeka. Tangu miaka ya 2010 maji ya Ziwa Nakuru yamepanda, yakameza lango kuu la zamani la mbuga pamoja na msitu wa migunga ya magome ya manjano uliokuwa kando ya ziwa. Miti ilikufa ikiwa imesimama. Ukiwa juu ya jabali la Baboon Cliff asubuhi, utaona vigogo vyeupe wima, na kila kigogo kimekatwa na mstari wa maji uliolala. Mpe mtoto makaa na karatasi, mwambie aache majani, ndege na mawingu, achore kusimama na kulala tu. Atakachopata hakikubuniwa kichwani. Ni ikisiri ya ziwa.

Mchoro wa Mondrian wa 1915 tunaweza kuuita daraja kati ya mikondo miwili, kwa sababu una miguu pande zote mbili. Nyuma yake ni kubizimu, mkondo usioiacha kabisa dunia ya vitu. Mbele yake ni De Stijl, yaani Mtindo, mkondo uliopata jina lake kutokana na jarida alilolianzisha Theo van Doesburg mwaka 1917, Mondrian akiwa mmoja wa waandishi wake. Katika miaka ya 1920 Mondrian alibaki na mistari myeusi iliyonyooka na mistatili ya rangi nyekundu, buluu na manjano. Humo hutafuti gati wala mti, hakuna kilichofupishwa. Hapo neno dhahania linakaa mahali pake.

Karibu nasi, upande wa ikisiri ndio wenye watu wengi zaidi. Naivasha anaishi Sane Wadu, aliyewahi kuwa mwalimu, akaacha kazi katika miaka ya 1980 ili achore. Watu walimwona mwendawazimu, naye akajiita Sane, mwenye akili timamu. Mwaka 2022 taasisi ya sanaa ya NCAI jijini Nairobi ilionyesha kazi zake za miongo kadhaa. Watu na wanyama wamo, lakini huzama ndani ya rangi iliyopakwa kwa unene. Theresa Musoke, Mganda aliyeishi Kenya takriban miaka 20, naye huwaacha pundamilia na ndege wachomoze kutoka kwenye mabaka ya rangi, nusu wanyama, nusu doa. Kuziita kazi hizi dhahania ni kumwambia mtazamaji asitafute mnyama, ilhali mnyama yumo.

Pendekezo langu kwa waandishi na walimu ni hili: sanaa dhahania libaki jina la ukoo mzima, kwani limeshazoeleka. Ndani ya ukoo huo, mchoro ulioanza na kitu tuuite mchoro wa ikisiri, na ule usioanza na kitu chochote tuuite dhahania tupu. Faida yake ni kwamba mtazamaji anapata swali la kuanzia. Mbele ya ikisiri atauliza kilichoachwa ni kipi, na kwa nini kikaachwa. Mbele ya dhahania tupu ataachana na swali hilo, apime uzito wa rangi, nafasi na mpangilio. Na mbele ya mchoro kama ule wa 1915 atafanya yote mawili, kwa sababu Mondrian mwenyewe alikuwa hajavuka bado.