Port Bell na kipimo cha mfanyakazi

Huko Luzira, kwenye bandari iliyopewa jina la gavana Hesketh Bell, kiwanda cha Uganda Breweries kimekuwa kikipika bia tangu 1946, na kwa miaka mingi kimekuwa chini ya East African Breweries ya Nairobi, ambayo nayo ilimilikiwa na Diageo ya London. Je, kampuni yenye mabwana wa mbali hivyo iwaajiri Waganda kwa taratibu za nani? Wengi husema ifuate hali ya mahali. Jibu hilo lina adabu ya mgeni kwa mwenyeji, lakini historia ya mishahara hapa inanitia mashaka. Miaka miwili baada ya kiwanda kuanzishwa, Tume ya Holmes iliyochunguza utumishi wa serikali Afrika Mashariki ilipendekeza asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Hiyo nayo iliitwa hali ya mahali. Tume ya Lidbury iliifuta ngazi hiyo ya rangi mwaka 1954, ila ikaacha nyongeza ya kuwavutia watumishi wa ng'ambo, na ndani yake naona asili ya marupurupu wanayopewa wataalamu wa kigeni hadi leo.

Tazama likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 humpa mama siku 60 za kazi. Anarudi kazini mtoto hata shingo haijakaza vizuri. Mwaka 2019 Diageo ilitangaza wiki 26 zenye malipo kamili katika nchi zote, yaani mpaka mtoto anapoanza kulambishwa uji. Wapo wanaohofia kuwa likizo ndefu itawafanya waajiri wawakwepe wanawake. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu naithamini zaidi sehemu ya pili ya tangazo lile: baba naye apate angalau wiki 4, wakati sheria yetu inampa siku 4 tu. Hapa utaratibu wa kigeni umemtendea haki mzazi kuliko desturi ya nyumbani, na sioni sababu ya kuupunguza kwa jina la mazingira. Lakini sera ya namna hiyo humlinda mwajiriwa wa kampuni. Kibarua aliyeletwa na wakala kupakia makreti, popote pale, huachiwa sheria ya nchi, ambamo kima cha chini cha mshahara ni kile cha 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi.