Hiari Iliyohamishwa: Adhabu ya Kifo ya Lazima katika Sheria ya Tanzania Bara

Katika mahakama za Tanzania Bara, mtu aliyeiba baiskeli akishatiwa hatiani huulizwa ana lipi la kusema ili apunguziwe adhabu. Atasema ni kosa lake la kwanza, ana watoto wadogo, mama yake mgonjwa anamtegemea. Hakimu ataandika, atapima, ndipo atatoa adhabu. Aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia naye anaweza kuulizwa, ila jibu lake halina kazi. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kimekwisha kuamua kwamba adhabu ni kifo, na kifungu cha 26 kimetaja njia, yaani kunyongwa. Wanaosazwa ni mjamzito na aliyetenda kosa akiwa hajafikisha miaka 18. Wapo majaji wanaotamka wazi kwamba sheria imewafunga mikono, kisha wanasoma hukumu ile ile ambayo wangeisoma hata kama wasingesikia neno lolote la huruma.

Mjadala wetu juu ya adhabu hii umezoea kuanzia kwenye swali la kama dola ina haki ya kuua. Ni swali zito, na jibu langu ni kwamba haina. Hata hivyo, lipo swali linalotangulia, nalo ni nani hasa anayeamua kwamba fulani afe. Watetezi wa adhabu ya lazima hudai kuwa inaondoa upendeleo, kwa sababu tajiri na maskini wanahukumiwa sawasawa. Hoja ya makala haya ni kwamba ulazima haukuondoa hiari hata kidogo. Umeihamisha tu, kutoka mahakama ya wazi ambako jaji hutoa sababu na kukatiwa rufaa, ukaipeleka kwenye faili ambalo mwananchi halioni na uamuzi wake hauhojiwi popote.

Kwanza tuondoe dhana kwamba ulazima huu ni urithi wetu. Waingereza walipoanza kuitawala Tanganyika walileta Kanuni ya Adhabu ya India, ikaanza kutumika mwaka 1920. Kanuni hiyo, kwa kosa la kuua, ilimwachia jaji uchaguzi kati ya kifo na adhabu ya maisha. Mwaka 1930 ikaondolewa, ikaletwa nyingine iliyotengenezwa kwa kielelezo cha Ofisi ya Makoloni, na uchaguzi ule ukafutwa. Kenya na Uganda zilipata kanuni ya namna hiyo hiyo mwaka huo huo. Uingereza yenyewe ilibana matumizi ya kamba mwaka 1957, ikaisimamisha kwa kosa la mauaji mwaka 1965, na mwaka 1969 ikaiacha moja kwa moja kwa kosa hilo. Anayesema kwamba kuondoa kifungu cha 197 ni kuiga wazungu anatetea kifungu kilichoandikwa na wazungu hao hao kwa ajili ya kututawala.

Kesi inayokumbukwa kuliko zote ni ya Said Mwamwindi, mkulima wa Isimani, Iringa. Siku ya Krismasi mwaka 1971, enzi ya kusukuma vijiji vya ujamaa, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, alimfuata shambani kwake. Wakatupiana maneno. Mwamwindi akachukua bunduki, akampiga risasi. Alichofanya baadaye ndicho kinachoifanya kesi hii isisahaulike: aliupakia mwili wa marehemu kwenye gari la marehemu mwenyewe, akaendesha hadi kituo cha polisi mjini Iringa, akajisalimisha. Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwaka 1972, na hatimaye akanyongwa.

Sisemi kwamba Mwamwindi hakustahili adhabu. Kiongozi aliuawa akiwa kazini, na familia ikabaki bila baba. Ninachosema ni kwamba kila jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angelitazama katika kisa hicho, yaani hasira ya siku ile, ardhi iliyokuwa ikigombewa, na mtu kwenda mwenyewe polisi pasipo kukimbia, lilikuwa na nafasi moja tu kisheria, nayo ni kwenye swali la hatia. Mahakama ilipokataa kwamba alikuwa amepungukiwa akili au amechokozwa kiasi cha kulishusha kosa, yote hayo yakawa hayana pa kwenda. Mwamwindi akasimama mstari mmoja na jambazi anayeua, akafukia mwili na kuuza gari.

Upana wa kosa lenyewe unazidisha tatizo. Msomaji asiye mwanasheria hudhani kuua kwa kukusudia ni kukusudia kuua. Kifungu cha 200 kinakwenda mbali zaidi. Nia ovu inahesabika kuwapo hata pale mtu alipokusudia kumdhuru mwenzake vibaya tu, au alipokuwa akitenda kosa jingine zito na mtu akafa. Ukiongeza kanuni ya nia ya pamoja, kijana aliyebaki nje akilinda pikipiki wakati wenzake wanaiba dukani anaweza kujikuta kwenye adhabu moja na aliyemchoma mwenye duka kisu. Hukumu ikishasomwa, wote wawili wanaingia kondemu, kama wafungwa wanavyoliita eneo la wanaosubiri kunyongwa.

Kuanzia hapo ndipo hiari iliyofukuzwa mahakamani inaporudi kwa mlango wa nyuma. Rufaa ikishindikana, jalada hupelekwa kwa Rais. Anaweza kuidhinisha, anaweza kusamehe au kupunguza adhabu kwa mamlaka ya ibara ya 45 ya Katiba, na anaweza kulinyamazia. Tangu mwaka 1994 hakuna aliyenyongwa nchini. Septemba 2017, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Rais John Magufuli alieleza hadharani ugumu wake wa kuidhinisha mtu anyongwe. Desemba 9 mwaka huo, katika sherehe za Uhuru mjini Dodoma, aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa wakisubiri kamba. Nani asingewafurahia wafungwa wale, mmoja wao akiwa na miaka 85, wakirudi kwao? Lakini waliobaki ndani hawakusomewa sababu kwa nini wao siyo. Wote walikuwa na adhabu moja. Mmoja akaenda kulala nyumbani, mwingine akabaki kusubiri hati ambayo yaweza kutiwa saini kesho, mwakani, au isitiwe kamwe. Usawa uliohubiriwa na kifungu cha 197 uko wapi hapo?

Mahakama zetu zimeligusa jambo hili na kuliachia njiani. Juni 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiwa Dodoma, aliamua katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo Januari 1995. Wengi hukumbuka kutenguliwa huko na kusahau yaliyoandikwa ndani yake. Jopo, kwa kalamu ya Jaji Augustino Ramadhani, lilikubali kwamba adhabu hii kwa asili yake ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu. Iliyoiokoa ni ibara ya 30(2), inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa masilahi ya umma, na iwapo bado inahitajika likawa jambo la jamii kuamua kupitia Bunge. Kwa hiyo chombo cha juu kabisa cha haki kimeandika kwamba adhabu ni ya kikatili, kisha kikawaelekeza majaji wote walio chini yake waendelee kuitoa. Sijui fani nyingine ambamo kauli kama hiyo ingekaa miaka 30 bila mtu kudai imaliziwe.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, haikuona sababu ya kusubiri. Tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri la wafungwa watano dhidi ya Tanzania, iliamua kwamba ulazima wa adhabu ya kifo unavunja haki ya kuishi kwa kuwa unamnyima jaji nafasi ya kumtazama mkosaji na kosa lake, na kwamba kunyonga kunavunja utu. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha sheria. Uamuzi huo ulitoka siku chache tu baada ya serikali kuondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo. Mwaka ukapita, kifungu kikabaki.

Watetezi wa kamba wana hoja zao, na mbili zinastahili kujibiwa kwa urefu.

Ya kwanza ni kwamba kifo kinatisha. Mfano unaotolewa sana ni mauaji ya watu wenye ualbino, na hakuna Mtanzania mwenye moyo asiyeumizwa nayo. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni akiyazungumzia. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Hukumu nyingine zikafuata. Juni 2024 taifa likasikia tena habari ya mtoto wa miaka miwili aliyeporwa kwao Muleba, mkoani Kagera, na kuuawa. Mtu atanijibu kwamba hukumu hazikutisha kwa sababu hazikutekelezwa. Basi turudi nyuma, wakati zilipokuwa zikitekelezwa. Katika miaka ya 1970, vikongwe waliotuhumiwa uchawi waliuawa Mwanza na Shinyanga wakati kamba inafanya kazi. Muuaji wa aina hii huhesabu kama atakamatwa, na kijijini ambako hakuna atakayetoa ushahidi, hesabu yake humpa jibu analolitaka.

Operesheni ya kukomesha mauaji hayo ya vikongwe ina funzo lingine ambalo watetezi hawapendi kuligusa. Mwaka 1976 watuhumiwa walikusanywa, wakateswa ili wakiri, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika. Adhabu inayosimama juu ya maelezo ya onyo yaliyochukuliwa kituoni inasimama juu ya hatari hiyo. Aliyefungwa kwa makosa anaweza kufunguliwa; aliyenyongwa harudi. Na ni katika urais wa Mwinyi huyo huyo, mtu aliyejua kuliko wengi jinsi maungamo yanavyoweza kupatikana, ambapo kamba ilitumika mara ya mwisho.

Hoja ya pili ni ya dini, na hapa naona pana kutoelewana zaidi kuliko kupingana. Waislamu wengi huitetea adhabu ya kifo kwa kutaja kisasi. Lakini aya ya 178 ya Surat al-Baqara inayoweka kisasi ndiyo inayofungua mlango wa msamaha na dia, yaani fidia ya damu, na mwenye ufunguo ni ndugu wa marehemu. Kifungu cha 197 hakiwapi ndugu hao neno lolote. Wakisamehe, aliyemuua mtu wao bado atahukumiwa kunyongwa. Wakikataa kusamehe, Rais aweza kumwachia bila kuwauliza. Anayekilinda kwa jina la sharia analinda kitu ambacho sharia haikitambui. Kwa Wakatoliki jambo limekwisha kusemwa: mwaka 2018 Papa Fransisko alibadilisha Katekisimu na kuitamka adhabu hii kuwa haikubaliki.

Majirani wametutangulia. Mahakama ya Juu ya Uganda iliondoa ulazima Januari 2009 katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, ikaongeza kwamba aliyekaa zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa yake ya mwisho bila kunyongwa adhabu yake igeuke kifungo cha maisha. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuata Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu. Rwanda, yenye vidonda ambavyo sisi hatuna, iliifuta adhabu yote mwaka 2007.

Kinachotakiwa kwetu kina hatua mbili, na ya kwanza isisubiri ya pili. Bunge limrudishie jaji uchaguzi uliofutwa mwaka 1930, na kila aliyemo kondemu arudishwe mahakamani asikilizwe upya juu ya adhabu yake, ndugu wa marehemu wakiwamo. Kisha adhabu yenyewe ifutwe, nafasi yake ichukuliwe na kifungo chenye muda unaoeleweka. Hatua zote mbili hazigusi hata ibara moja ya Katiba. Zinatimizwa kwa muswada wa kawaida, unaopita kwa wingi wa kawaida wa kura za wabunge.