Kiwanja cha urithi chenye sehemu ya watoto: nani anaweza kukiuza?

Viwanja vingi vya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Chamazi na Toangoma upande wa Temeke au Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, vilinunuliwa na watu waliotoka mikoani kutafuta maisha. Mwenye kiwanja akifariki, mara nyingi kikao cha familia hufanyika kijijini, na huko ndiko ndugu huombwa kusaini muhtasari. Kama marehemu ameacha watoto wadogo, saini yako inaweza kuwalinda au kuwapotezea haki. Katika makala haya tunaeleza nani anaweza kuuza, kwa utaratibu gani, na fedha za watoto zinapaswa kwenda wapi.

Mtoto ni mrithi kamili

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa mtoto. Kifungu cha 10 kinakataza mtu yeyote kumnyima mtoto haki ya kunufaika na mali ya mzazi wake aliyefariki. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili.

Mtoto hawezi kusaini mkataba wa kuuza ardhi, kwa sababu sheria inataka anayefunga mkataba awe ametimiza miaka 18. Lakini hiyo haina maana kwamba sehemu yake imekuwa mali ya anayemlea. Mama, baba mdogo, shangazi au babu anaishika kwa niaba ya mtoto tu.

Kikao hupendekeza, mahakama huteua

Kikao cha familia hupendekeza jina la msimamizi wa mirathi. Anayemteua ni mahakama. Mtu aliyepita kwenye kikao peke yake, hata kama ni kaka mkubwa wa marehemu, bado hana mamlaka ya kuuza chochote. Kwa Dar es Salaam, mashauri ya mirathi na ndoa yana kituo maalumu huko Temeke, kinachoitwa Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia, kilichoanza kazi mwaka 2021.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama halazimiki kisheria kupata idhini ya kila mrithi kabla ya kuuza mali ya marehemu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema hivyo katika uamuzi uliochapishwa mwaka 1994, ambao bado hutajwa katika kesi za mirathi. Kwa hiyo, kusubiri kuulizwa si ulinzi wa kutosha kwa watoto.

Ulinzi wao uko kwenye hesabu. Msimamizi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kisha kugawa kinachobaki kwa wanaostahili. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hutakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni, kwa Fomu Na. V, ndani ya miezi 4, na baadaye taarifa za hesabu kwa Fomu Na. VI. Kwa mirathi iliyofunguliwa mahakama za juu, orodha hupelekwa ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Mahakama inaweza kuongeza muda huo.

Fedha za watoto ziende wapi?

Tuchukue mfano. Kiwanja cha Chamazi kimeuzwa shilingi milioni 24, na baada ya kulipa madeni na kufanya mgawo, sehemu ya watoto wawili wadogo ni milioni 12. Fedha hizo hazitakiwi kuchanganywa na mtaji wa duka la baba mdogo, hata akiahidi kusomesha. Iombeni mahakama itoe maelekezo: zihifadhiwe benki kwa niaba ya watoto, au zinunue kiwanja kingine na mkataba utaje kwamba mnunuzi anakishika kwa ajili yao. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kuamua kuhusu kuuza mali ya mirathi na kuhusu namna ya kuwekeza fedha zake.

Ikiwa mgawo umeshafanyika na kiwanja kimebaki kuwa cha watoto, jambo ni tofauti. Mlezi asikiuze kwa uamuzi wake. Njia salama ni kurudi mahakamani, kueleza sababu, kama vile ada au matibabu, na kupata ruhusa ya maandishi kwanza.

Ukiwa mnunuzi

Mhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba mauziano yalishuhudiwa. Haumpi muuzaji mamlaka ambayo hana. Muulize namba ya shauri la mirathi, kisha nenda mahakamani ukahakikishe kwamba yeye ndiye msimamizi na kiwanja kimo kwenye orodha. Kama kiwanja kina hati, jina la msimamizi husajiliwa kwanza kwa Msajili wa Hati, ndipo uhamisho ufanyike.

Usidhani muda utakuokoa. Kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12, na kwa mtoto muda huo kwa kawaida huanza kuhesabiwa anapotimiza miaka 18. Aliyekuwa na miaka 5 kiwanja kilipouzwa anaweza kukudai akiwa na umri wa karibu miaka 30, wakati umeshajenga.

Ukiona watoto wanadhulumiwa

Mtu mzima anaweza kulalamika kwa niaba ya mtoto. Nenda kwenye mahakama iliyomteua msimamizi, ukiwa na namba ya shauri. Omba zuio kama kiwanja hakijauzwa, au omba msimamizi aitwe kutoa hesabu. Mahakama inaweza kumwondoa na kumteua mwingine. Familia isipoaminiana, RITA, ambayo ina ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, inaweza kuombwa kusimamia mirathi. Kwa msaada wa kisheria, wapo pia TAWLA na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC.

Kabla ya kusaini muhtasari, hakikisha una mambo haya manne: majina ya watoto wote wa marehemu pamoja na tarehe zao za kuzaliwa, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa, mali zote, kikiwemo kiwanja cha Dar es Salaam, jina la msimamizi anayependekezwa, na jina la atakayeshika sehemu ya watoto. Likikosekana moja, omba liandikwe kwanza. Piga picha ya muhtasari kwa simu yako na uitunze.